Kwa nini wino hukataa kushika kwenye plastiki

Leo naweka programu kando. Shangazi yangu ana duka hapa Soin, na kuna pakiti anazoletewa ambazo tarehe ya mwisho wa matumizi hufutika ukiipangusa kwa kidole. Bila tarehe hajui auze au atupe, na hasara ni yake. Nikaanza kuchimba.

Polithini ilipatikana kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya ICI, Uingereza, wakati Eric Fawcett na Reginald Gibson walipokuwa wakijaribu gesi ya ethilini chini ya shinikizo kubwa. Ni kaboni na haidrojeni tupu, haina pa kumshika mgeni. Maji huviringika juu yake kama juu ya jani la nduma. Kwa mfuko wa maziwa ni baraka, kwa mchapaji ni balaa.

Mwaka 1951 huko Denmark, mhandisi Verner Eisby aliombwa na mteja atafute njia ya kuchapa juu ya plastiki. Akaipitisha karibu na umeme wa volti nyingi. Hewa iliyo katikati hupasuka ikawa ioni, elektroni na miali ya urujuanimno. Hivyo hupiga ngozi ya plastiki, hukata viungo vya molekuli, oksijeni ikaingia, na wino ukapata pa kujishikiza. Njia hiyo huitwa korona, na hadi leo ndiyo inayotumika sana viwandani.

Wengi huichanganya na kazi ya Arthur Charlesby. Yeye mwaka 1952, kule Harwell, aliweka polithini ndani ya tanuri la nyuklia, nyuzi za molekuli zikafungana zenyewe kwa zenyewe. Mnururisho ule hupenya hadi ndani kabisa. Korona huishia nanomita chache tu, nayo kwa wino na gundi yatosha.

Ubaya ni kwamba haidumu. Polithini mbichi ina nguvu ya uso ya takriban milinyutoni 31 kwa mita. Wachapaji hutaka 38 au zaidi, na roli ikikaa sana ghalani kipimo hushuka. Nashuku pakiti za shangazi zilipigwa tarehe kwenye plastiki iliyolala. Marufuku ya mifuko ya Agosti 2017 haikugusa vifungashio vya kiwandani, kwa hiyo tatizo bado tunalo.

Ukitaka kujaribu nyumbani, dondoshea tone la maji upande uliochapwa, mahali pasipo na wino, na jingine upande wa ndani. Pale linapotandaa zaidi ndipo umeme ulipopita.