Umechimba Chuma ya Jeshi na Hujui ni Nini? Soma Hii Kabla Umpelekee Msee wa Vyuma Chakavu

Detekta imelia, umechimba, na badala ya rupia za Mjerumani umetoa chuma ya kutu. Upande mmoja ni pana kama kijembe, ule mwingine umechongoka kama sururu, na katikati kuna tundu. Kama uko pande za Taveta, Salaita ama Maktau, manze usiitupe.

Hicho ni kichwa cha kijembe cha kuchimbia mahandaki, modeli ya 1908 ya jeshi la Uingereza. Wasee huchanganyikiwa juu mpini wa mbao ulioza kitambo. Hata wakati huo vilibebwa tofauti: kichwa kwenye mfuko hapo nyuma juu ya makalio, mpini umefungwa kando ya ala ya beneti. Risasi zikianza kunyesha, askari anaunganisha, analala chini, anajichimbia. Ukipata sepetu fupi ya bapa iliyonyooka na mpini wake, hapo fikiria Mjerumani.

Vilifikaje huko? Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakashika Taveta. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi ndio wawafukuze. Tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walivamia kilima cha Salaita na wakachapwa vibaya. Mwezi uliofuata Wajerumani wakakihama wenyewe. Wote walikuwa wamechimba, na wote waliacha vitu.

Jibu lako liko kwenye mihuri. Tafuta mistari mitatu iliyokutana kama mguu wa kuku: hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ikiwa ndani ya herufi C ni ya Kanada, ndani ya U ni ya Afrika Kusini. Karibu hapo huwa kuna jina la kiwanda na mwaka. 1915 ni vita ya kwanza. 1942 ni ya pili, juu kijembe hiki kilirudishwa, na mpini ukawekewa chuma mwishoni ya kuvalisha beneti, ndio wadunge ardhi wakitafuta mabomu yaliyofukiwa. Kwa hivyo gringa na asidi weka mbali. Loweka kwa maji, sugua polepole na mswaki mzee, kausha, paka mafuta kidogo. Muhuri ukifutika, stori imeisha, na bei pia.

Sasa noma iko hapa. Kama chuma yako ni mviringo kama chupa, ina mkanda wa shaba chini ama kichwa cha shaba chenye namba zimezunguka, usiisafishe, usiisonge hata kidogo. Weka alama mbali kidogo, toka hapo, piga 999. Kutu haiui baruti. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wasamburu na Wamaasai 228, juu ya mabomu yaliyobaki kwenye viwanja vya mazoezi ya jeshi lake hapa Kenya. Wengine walikuwa watoto wakichunga mifugo. Na risasi nzima, hata iwe ya 1916, kukaa nayo bila leseni ni kesi.

Kijembe chenyewe kipige picha na shilingi ishirini kando ndio saizi ionekane, andika mahali ulikitoa, kisha uwaonyeshe watu wa Makavazi ya Kitaifa. Na lile shimo lifukie, ng'ombe za wenyewe hupita hapo.