LTO: Makubaliano yaliyookoa kanda ya sumaku

Februari 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua masanduku yao ya barua wakakuta matupu. Kasoro ya programu ilikuwa imefuta nakala kadhaa kwa mpigo katika mitambo ya Google. Barua zilirudi kwa sababu kampuni ilikuwa na nakala nyingine kwenye kanda za sumaku, ambako kasoro hiyo haikufika.

Teknolojia ya kanda hizo ni ya kale. Kompyuta ya UNIVAC ilianza kuzitumia mwaka 1951, na mwaka uliofuata IBM ikatoa mashine yake ya 726. Kaseti zilipoingia miaka ya 1980, kila kampuni ilishika njia yake: mwaka 1984 IBM ilileta 3480, na Digital ikaleta kaseti iliyokuja kuitwa DLT. Aliyehifadhi data kwa mtindo wa kampuni moja alibaki mateka wake. Kampuni hiyo ikipandisha bei au ikiacha kutengeneza mashine, kumbukumbu za miaka mingi zingekosa pa kusomewa.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, DLT, iliyokuwa mikononi mwa Quantum tangu 1994, ndiyo iliyotawala soko la seva. Mahasimu watatu, HP, IBM na Seagate, wakaamua kushirikiana. Waliandika kiwango kimoja, LTO, wakaruhusu kampuni yoyote kukitumia kwa leseni, na wakaweka utaratibu wa kuthibitisha kwamba kanda iliyoandikwa na mashine ya mmoja inasomeka kwenye ya mwingine. Siri ya kuelewana huko imo katika kanda yenyewe: kiwandani huchapwa alama za sumaku zinazoongoza kichwa cha kusomea, kifuate njia ileile katika mashine yoyote.

Kaseti za kwanza zilitoka mwaka 2000 zikibeba gigabaiti 100. LTO-9 ya mwaka 2021 inabeba terabaiti 18, yaani mara 180 zaidi.

Hata hivyo, kufuli la mashine lilipofunguka, la pili lilibaki, nalo lilikuwa programu. Kanda ilisomeka kwenye mashine yoyote, lakini mafaili mara nyingi yalihitaji programu ileile iliyoyahifadhi. Mwaka 2010, LTO-5 ilikuja na mfumo wa LTFS, ulio wazi kwa wote, unaoonyesha kanda kama folda za kawaida.

Uwazi wa LTO una mipaka. Mwaka 2019, kaseti za LTO-8 ziliadimika kwa sababu Fujifilm na Sony, watengenezaji wake wawili tu, walikuwa wakishitakiana juu ya hataza. Tena, mashine za awali zilisoma kanda za vizazi viwili vya nyuma, lakini LTO-8 husoma kimoja tu.

Kwa hiyo kiwango huria humpa mwenye data nafasi ya kuchagua, lakini hakimwondolei wajibu. Hospitali, benki au hifadhi ya nyaraka inayonunua mfumo wa kanda leo inapaswa kuuliza ni kampuni ngapi zinautengeneza, kisha itenge bajeti ya kuhamishia data kwenye kizazi kipya kabla mashine za zamani hazijatoweka sokoni.