Neva na Seli Masti katika Mishipa ya Damu ya Ubongo: Hoja ya Kipandauso Iliyofungwa Mapema

Nyama ya ubongo haina hisi ya maumivu. Mwaka 1940 Bronson Ray na Harold Wolff walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji wa kichwa. Kuugusa ubongo wenyewe hakukuwaumiza. Kuvuta au kuchochea kwa umeme mishipa ya damu iliyo kwenye dura, yaani utando mgumu unaoufunika ubongo, kuliwaumiza sana, na maumivu hayo waliyasikia kwenye paji la uso, nyuma ya jicho au kisogoni. Kutokana na kazi hiyo na nyingine zilizoitangulia, Wolff alishikilia kwamba kipandauso hutokana na kutanuka kwa mishipa ya damu, na fikra hiyo ilitawala vitabu vya tiba kwa miongo kadhaa.

Msimamo wa makala hii ni kwamba ukuta wa mshipa ni mahali ambapo tukio hutendeka. Kiini cha tukio lenyewe ni mahusiano kati ya neva na seli masti. Aidha, seli masti imeondolewa katika maelezo ya kipandauso kwa ushahidi usiotosha. Mafanikio makubwa ya dawa mpya zinazolenga neva yamewafanya watafiti wengi waiache, ilhali majaribio yaliyodhaniwa kuikanusha hayakuigusa.

Paul Ehrlich aliielezea seli hii mwaka 1878, akiwa bado mwanafunzi, katika tasnifu yake ya udaktari huko Leipzig. Aliitambua kwa sababu chembechembe zilizoijaza zilibadilisha rangi ya dawa za anilini: penye buluu zenyewe zikageuka zambarau. Leo tunajua kwamba ndani ya chembechembe hizo kuna histamini, heparini na vimeng'enya, hasa triptasi, vilivyokwisha kutengenezwa na kusubiri amri. Seli ikichochewa huvimwaga ndani ya sekunde au dakika chache, kisha huanza kutengeneza vitu vingine kama prostaglandini na saitokini. Wengi wetu tunaijua kwa kazi yake katika mzio: chafya, ngozi kuwasha, pumu. Dura nayo ina seli hizi kwa wingi, na zimejipanga kando ya mishipa ya damu, pale pale zinapopita nyuzi nyembamba za neva.

Nyuzi hizo hutoka katika neva ya tano ya fuvu, iitwayo trijemini, hasa tawi lake la kwanza linalohudumia jicho na paji la uso. Michael Moskowitz wa Boston ndiye aliyependekeza, mwaka 1979, kwamba kipandauso kitafutwe katika uhusiano wa neva hii na mishipa ya damu ya tando za ubongo. Neva ya trijemini haipeleki habari kwenye ubongo tu. Ncha zake zikisisimka humwaga peptidi papo hapo zilipo, mojawapo ikiwa dutu P na nyingine peptidi inayohusiana na jeni ya kalsitonini, maarufu kwa kifupi CGRP. Peptidi hizi hutanua mishipa na, hasa kwa nguvu ya dutu P, huruhusu majimaji ya damu kupenya ukutani. Huo ndio uvimbe unaoanzishwa na neva, bila kidonda wala kijidudu.

Hapa ndipo seli masti inapoingia. Vassiliki Dimitriadou na wenzake walionyesha, katika miaka ya 1990, kwamba kuchochea neva ya trijemini ya panya kwa umeme hubadilisha umbo la seli masti za dura kwa namna inayoashiria kwamba zimemwaga vilivyomo. Njia ya kurudi nayo ipo. Mwaka 2007 Dan Levy, Rami Burstein na wenzao walitumia kemikali inayozilazimisha seli masti za panya kumwaga chembechembe zake. Nyuzi za maumivu za dura zilisisimka kwa muda mrefu, na dalili za msisimko huo zikaonekana hadi kwenye kiini cha trijemini ndani ya shina la ubongo. Kwa hiyo neva huiamsha seli masti, na seli masti huiamsha neva: histamini hugusa vipokezi vya ncha za neva, triptasi hukata kipokezi kiitwacho PAR2 na kukiwasha, na neva iliyowashwa humwaga peptidi zaidi. Mzunguko wa namna hii, ukishaanza, hauhitaji tena kichocheo kilichouanzisha. Naona hili ni jambo lenye uzito mkubwa wa kitabibu, kwa sababu kipandauso hudumu saa 4 hadi 72 hata pale ambapo kichocheo, kama kukosa usingizi au kuruka mlo, kilikwisha kupita.

Kwa nini basi seli masti ikaachwa? Sababu ya kwanza ni kwamba dawa za kuzuia histamini hazikuwahi kuwa tiba ya kutegemewa ya kipandauso. Hoja hii ina nguvu kwa juu juu tu. Watafiti wa Copenhagen walionyesha mwaka 1995 kwamba wagonjwa wa kipandauso wakitiwa histamini mshipani hupata shambulio, na kwamba dawa ya kuzuia kipokezi cha H1 hulikinga shambulio hilo. Kumbe histamini inaweza kuleta ugonjwa. Ila si hiyo peke yake inayomwagwa: kuizuia histamini huku triptasi, prostaglandini na saitokini zikiendelea na kazi ni kuziba tundu moja la chujio. Anayetaka kuipima seli masti anapaswa kuipima nzima, si kwa kemikali moja kati ya nyingi.

Sababu ya pili ndiyo iliyoniongoza kuandika. Katika miaka ya 1990 kampuni za dawa zilijaribu kuzuia uvimbe wa neva kwa kuziba NK1, kipokezi kikuu cha dutu P. Dawa hizo ziliwazuia panya wasipate uvimbe wa dura, lakini hazikuwaponya watu. Wengi wakahitimisha kwamba uvimbe wa neva hauna maana kwa binadamu, na seli masti ikafukiwa pamoja nao. Lakini mwaka 2015 Benjamin McNeil, Xinzhong Dong na wenzao katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha utafiti uliobadilisha hesabu: seli masti za binadamu hubeba kipokezi kingine, MRGPRX2, kinachoitika kwa dutu P na kwa peptidi nyingine nyingi bila kupitia kingamwili za mzio. Anayeziba NK1 anaiacha njia hii wazi. Kwa maneno mengine, majaribio yale yalijibu swali kuhusu kipokezi kimoja, yakasomwa kana kwamba yamejibu swali kuhusu seli nzima.

Mpinzani ana jibu, na ni jibu la haki. Peter Goadsby na Lars Edvinsson walipopima damu ya mshipa wa shingo wakati wa shambulio, katika utafiti wa mwaka 1990, CGRP ilikuwa imepanda lakini dutu P haikupanda. Ikiwa dutu P haimo, MRGPRX2 ya nini? Nakubali kwamba dutu P huenda si mhusika mkuu. Hata hivyo kipokezi hiki si mali ya dutu P pekee. PACAP-38, peptidi nyingine ya neva za eneo hilo, humwagisha seli masti, na ikitiwa mshipani kwa wagonjwa huleta shambulio la kipandauso. Dawa iliyoziba kipokezi chake mahususi, PAC1, ilishindwa katika majaribio ya kukinga kipandauso. Kingamwili iliyoikamata PACAP yenyewe kabla haijafika kwenye kipokezi chochote ilipunguza siku za kipandauso katika jaribio lililochapishwa mwaka 2024. Tofauti ya matokeo haya mawili inaweza kuwa na maelezo kadhaa, kwani PACAP ina vipokezi vingine pia, VPAC1 na VPAC2. Ila mojawapo ya maelezo hayo ni seli masti, nayo inastahili kupimwa waziwazi.

Kuhusu CGRP yenyewe hakuna ubishi. Kingamwili ya kwanza dhidi ya kipokezi chake, erenumab, iliidhinishwa Marekani mwezi Mei 2018, na mwaka 2021 Moskowitz, Edvinsson, Goadsby na Jes Olesen walitunukiwa Brain Prize kwa kazi iliyoizaa. Kingamwili ni molekuli kubwa mno, na ni kiasi kidogo sana kinachovuka kizuizi kati ya damu na ubongo, kwa hiyo kufaulu kwake kunathibitisha kwamba sehemu kubwa ya vita iko nje ya kizuizi hicho: kwenye dura na kwenye fundo la neva ya trijemini. Lakini wagonjwa wengi hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa hizi. Wana nini ambacho dawa hizi hazikifikii? Ugumu zaidi ni kwamba seli masti za dura ya panya zina kipokezi cha CGRP, ilhali uchunguzi wa dura ya binadamu haukukikuta kwenye seli hizo. Panya hakumwakilisha binadamu, si katika kukubali wala katika kukataa.

Kiharusi nacho kinafundisha jambo. Daniel Strbian na Perttu Lindsberg huko Helsinki walionyesha kwamba panya aliyezibwa mshipa wa ubongo hupata uvimbe mdogo zaidi seli zake masti zikitulizwa kwa kromoglikati, na kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huzichochea seli hizo, jambo linaloweza kuchangia uvujaji wa damu. Seli masti basi ina mkono katika kuvuja kwa ukuta wa mshipa hata pasipo kipandauso.

Kwetu Afrika Mashariki kuna swali ambalo maabara za Ulaya na Marekani haziwezi kulijibu kwa niaba yetu. Minyoo ya tumbo na kichocho huongeza kingamwili za IgE na huzifanya seli masti ziongezeke katika utumbo. Je, mtu aliyekua na maambukizi hayo ana seli masti za dura zilizo tofauti kwa idadi au kwa wepesi wa kuchochewa? Mgonjwa wetu wa kipandauso hutibiwa kwa propranolol au amitriptyline, na kingamwili mpya hazimo katika uwezo wake. Kujua kama seli masti yake inahusika kungeweza kufungua njia ya tiba iliyo nafuu zaidi.

Vipande vidogo vya dura huondolewa katika baadhi ya upasuaji wa ubongo, na kwa ridhaa ya mgonjwa na kibali cha kamati ya maadili vinaweza kuhifadhiwa. Kuzihesabu seli masti kwa rangi ya toluidini buluu hakuhitaji mashine ya gharama, na kingamwili za kutambulisha triptasi na MRGPRX2 hununuliwa kama vitendanishi vingine. Madaktari wapasuaji na wanapatholojia wa hospitali zetu za rufaa waanze na vipande hivyo, pamoja na historia ya maumivu ya kichwa ya kila aliyevitoa.