Barua Isiyo na Mwandishi: Uvumi wa Kigeni na Wajibu wa Mhubiri

Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, aliwaonya wasomaji wake wasifadhaishwe na barua iliyodaiwa kuwa imetoka kwake. Na mwishoni aliwaonyesha mwandiko wa mkono wake mwenyewe uwe alama. Kanisa, basi, limejua tangu mwanzo kwamba barua huweza kughushiwa. Katika makala hii tunakusudia kutazama matukio mawili ya karne ya 20, ili tuone jinsi uongo utokao ugenini unavyopata makao kwetu, na jinsi unavyoweza kutambuliwa.

Tukio la kwanza ni la Novemba 1964. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitangaza kwamba zimepatikana barua kutoka Kongo zinazofichua njama ya mataifa ya Magharibi dhidi ya serikali yetu. Maandamano yalifanyika Dar es Salaam. Marekani ilikana, na baadaye barua hizo zilionekana kuwa za kughushi. Kwa nini ziliaminiwa? Kwa sababu hofu iliyokuwapo ilikuwa ya haki. Jeshi lilikuwa limeasi Januari mwaka uleule, na FRELIMO, iliyokuwa na makao Dar es Salaam, ilikuwa imeanza vita na Ureno mwezi Septemba. Aliyeghushi hakuhitaji kuumba hofu, aliikuta. Wala shaka haikutoweka pamoja na barua. Januari 1965 wanadiplomasia wawili wa Marekani walifukuzwa nchini kwa sababu ya mazungumzo ya simu yaliyoeleweka kuwa ni njama.

Tukio la pili liligusa uhai wa watu. Julai 1983 gazeti la Patriot la New Delhi lilichapa barua isiyo na jina la mwandishi, ikidai kwamba UKIMWI ulitengenezwa na jeshi la Marekani. Oktoba 1985 gazeti la Literaturnaya Gazeta la Moscow liliirudia habari hiyo, likitaja Patriot kuwa ushahidi. Mwaka 1986 maandishi ya Jakob Segal, mwanabiolojia wa Ujerumani Mashariki, yaliyodai hivyo hivyo, yaligawanywa Harare wakati wa mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Hapa pia uongo ulipanda mgongo wa kweli: kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, idara ya afya ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume weusi waugue kaswende bila tiba ili kuwachunguza.

Katika miaka hiyohiyo ugonjwa ulikuwa ukienea kwetu. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Tunduma ilikuwa kituo cha madereva wa malori wa barabara ya Zambia. Mtu aliyeamini kwamba ugonjwa ni silaha ya adui alikuwa na sababu ya kumshuku pia mganga anayemshauri namna ya kujikinga.

Uongo huu ulifichuliwa kwa kufuata nyayo zake kurudi nyuma. Waliouchunguza walikuta kila gazeti likilitegemea lililotangulia, na mwanzoni kabisa hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Sayansi nayo ilishuhudia: damu iliyochukuliwa Léopoldville, yaani Kinshasa ya sasa, mwaka 1959, ilikutwa na virusi, ilhali Segal alidai vilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba KGB ilihusika.

Njia hiyo haikufa pamoja na Umoja wa Kisovyeti. Oktoba 2019 kampuni ya Facebook ilifuta mitandao ya kurasa bandia iliyohusishwa na mfanyabiashara Mrusi Yevgeny Prigozhin, iliyolenga nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo jirani zetu Kongo na Msumbiji. Wala si Warusi peke yao: katika uchaguzi wa Kenya wa 2017 ilitumika kampuni ya Uingereza iitwayo Cambridge Analytica. Kilichobadilika ni mwendo. Uvumi uliochukua miaka miwili kutoka New Delhi hadi Moscow, leo hufika kwa dakika chache Mbebe, katika Wilaya ya Ileje, ambayo Mto Songwe unaitenga na Malawi.

Hatuna budi, basi, kuuliza maswali manne kabla ya kulipeleka neno mimbarani au katika matangazo ya ibada. Nani aliyelisema kwanza, na je, anaweza kuulizwa? Je, mashahidi wake ni wengi, au ni mmoja anayerudiwa na wengi? Linaegemea jeraha gani la kweli? Na nani atafaidika tukiliamini? Swali la tatu ndilo zito kwa mchungaji. Anayeukanusha uvumi huku akilidharau jeraha hatasikilizwa. Lazima kwanza akiri kwamba Tuskegee ilitokea. Ndipo atakapoaminiwa asemapo kwamba barua ile ya New Delhi ilikuwa uongo.