Kitambulisho cha wimbo

Kitambulisho cha wimbo ni fungu dogo la taarifa lililoandikwa ndani ya faili la muziki lenyewe. Hueleza nani ameimba, wimbo unaitwaje, umetoka katika albamu gani na mwaka gani, na ni wa ngapi katika albamu hiyo. Taarifa hizo hazisikiki wimbo unapopigwa. Husomwa na programu ya kompyuta au ya simu, na kwa kuzisoma programu huweza kupanga maelfu ya nyimbo kwa msanii, kwa mwaka au kwa mtindo, hata kama mafaili yote yamerundikwa katika folda moja.

Vijana wengi huliita fungu hilo tagi, na katika baadhi ya programu limeandikwa lebo. Neno lebo lina tatizo katika uwanja huu. Kwa watu wa muziki, kutoka Dar es Salaam hadi Goma, lebo ni kampuni inayomsimamia msanii na kutoa kazi zake, na jina la kampuni hiyo nalo lina nafasi yake ndani ya faili. Anayeambiwa abadilishe lebo ya wimbo hatajua aguse kipi. Neno metadata ni pana mno, kwa maana hujumuisha taarifa za picha, za barua na za nyaraka za kila aina. Kitambulisho ndilo neno linalofaa zaidi, na linaafikiana na asili ya kitu chenyewe: jina la kiwango kinachotumika katika MP3, ID3, lilifupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuitambulisha MP3. Kila nafasi ya kujazwa ndani ya kitambulisho huitwa uga, na zikiwa nyingi ni nyuga.

Kiwango cha kwanza cha ID3 kilibuniwa mwaka 1996 na Eric Kemp. Kilikuwa na baiti 128 tu, zilizobandikwa mwishoni mwa faili: herufi tatu za kuanzia, kisha herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya mtindo. Udogo huo ulizibana sana bendi za Kongo, ambazo majina yake ni marefu. “Franco & Le Tout Puissant OK Jazz” ina herufi 33 ukihesabu na nafasi, kwa hiyo hukatwa ikabaki “Franco & Le Tout Puissant OK J”. Jina lililokatwa hivyo likionekana katika maktaba ya leo, faili hilo huenda linabeba kitambulisho cha kale peke yake. Toleo la pili, lililotoka mwaka 1998, lilihamishia taarifa mwanzoni mwa faili, likaondoa ukomo wa herufi 30, na likaruhusu picha ya jalada na hata maneno ya wimbo.

Mtindo nao ulikuwa na kikwazo chake. Baiti ile moja ilibeba namba ya kuchaguliwa katika orodha ya mitindo 80, na rumba haikuwemo. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, ilibidi ijifiche chini ya jazi au muziki wa kikabila. Tangu toleo la pili mtu anaweza kuandika neno lolote analotaka, lakini mafaili mengi ya zamani bado yana mtindo wa kubahatisha. Hakuna sababu ya kuuheshimu. Rumba iandikwe rumba, soukous iandikwe soukous.

Umuhimu wa kitambulisho huonekana wazi Kisangani. Mji huo ndio mwisho wa safari ya meli zinazopanda mto Kongo kutoka Kinshasa, njia ya kilomita 1,700 hivi, kwa sababu mbele yake maporomoko ya Boyoma yameziba mto. Kilingala kilipanda na mto na Kiswahili kikaja kutoka mashariki, na lugha zote mbili zinasemwa mitaani, kuanzia Makiso na Mangobo hadi ng'ambo ya Lubunga. Maktaba ya muziki ya mkaaji wa huko huwa na rumba ya Kinshasa pamoja na nyimbo za Kiswahili za Goma, Bukavu na Tanzania. Nyimbo hizo hupita mkono kwa mkono, kwa flashi, kadi ya simu na WhatsApp, na njiani faili hupoteza jina lake. Wimbo uliopokelewa kwa WhatsApp unaweza kuonekana kama “AUD-20230514-WA0004”. Jina la aina hiyo halisemi lolote juu ya mwimbaji. Kitambulisho kilicho ndani ndicho tegemeo lililobaki, na kama hakipo, mwenye maktaba hana budi kuusikiliza wimbo na kuutambua kwa masikio yake.

Kazi ngumu kuliko zote ni majina ya wasanii. Kompyuta haijui kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, hivyo tofauti ya herufi moja humgawa msanii mara mbili. Mwimbaji Abeti Masikini alizaliwa mjini Kisangani mwaka 1954, wakati bado ukiitwa Stanleyville, kwa jina la Élisabeth Finant. Alianza kuimba akijulikana kama Betty Finant, na mwaka 1973 alipanda jukwaa la Olympia jijini Paris akiwa Abeti. Katika mafaili anaweza kuwa Abeti, Abeti Masikini, au Abeti na bendi yake ya Les Redoutables. Tabu Ley aliwahi kuwa Rochereau. Franco ni Luambo Makiadi pia. Siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu, iliyowafanya watu waache majina ya Kizungu mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliongeza mchanganyiko huo. Dawa ni kuchagua jina moja kwa kila msanii na kulishikilia katika uga wa msanii, kisha majina mengine yawekwe katika uga wa maelezo, ambako bado yatapatikana kwa kutafuta.

Bendi kubwa zinahitaji uangalifu wa ziada. “Mabele” ya mwaka 1974 ni kazi ya OK Jazz, mtunzi wake ni Simaro Lutumba, na aliyeiimba ni Sam Mangwana. Uga mmoja hautoshi kuwatendea haki wote watatu. Kitambulisho cha toleo la pili kina uga wa msanii, uga wa mtunzi na uga wa bendi, ambao programu nyingi huutumia kama msanii wa albamu. Huu wa mwisho ndio unaozuia albamu moja isisambaratike vipande vipande kila mwimbaji anapobadilika. Mwaka nao hudanganya. “Indépendance Cha Cha” ya Kabasele na African Jazz ni ya 1960, lakini katika CD ya mkusanyiko hubeba mwaka wa CD. Uga wa mwaka wa toleo la awali upo, na ndio wa kujazwa.

Lugha ya wimbo ina uga pia, unaopokea herufi tatu: lin kwa Kilingala, swa kwa Kiswahili. Kiswahili cha Kongo kimepewa alama yake, swc, ila katika orodha pana ya ISO iliyokuja baadaye kuliko ile inayotajwa na ID3. Kwa maktaba ya Kisangani uga huu, ambao wengi huuacha wazi, una faida kubwa.

Kinachobaki ni vitendo. Programu kama Mp3tag hurekebisha nyimbo nyingi kwa mpigo na hubadilisha majina ya mafaili kufuata kitambulisho. MusicBrainz Picard huutambua wimbo kwa sauti yake, lakini huhitaji intaneti. Herufi zikiharibika, “Olomidé” ikasomeka “OlomidÃ©”, tatizo ni mfumo wa usimbaji: maandishi yamehifadhiwa kwa UTF-8 na kusomwa kwa mfumo wa zamani. Kuyaandika upya kwa UTF-16 katika toleo la 2.3 la ID3 humaliza tatizo kwa vifaa vingi. Katika programu ya kupigia muziki ya foobar2000 mtumiaji hujichagulia safu za kuonyeshwa, kwa mfano mtunzi kabla ya mwimbaji, au lugha kabla ya mwaka. Mpangilio huo hukaa katika kompyuta yake tu. Nyota za upendeleo na idadi ya mara wimbo ulivyopigwa aghalabu huhifadhiwa katika hifadhidata ya programu, nje ya faili, na hupotea kompyuta ikibadilishwa. Wanaohamisha kaseti za zamani kwenda kompyuta wahifadhi sauti kwa FLAC badala ya WAV, kwa sababu vitambulisho vya WAV havisomwi na programu nyingi, na wajaze nyuga siku hiyo hiyo wakati jalada la kaseti lingali mkononi.