Picha Katika Usiku wa Miezi Minne

Watu wa Pwani huita majira ya Juni, Julai na Agosti kipupwe, na mtu akijifunika shuka ya pili wakati wa alfajiri huona kwamba baridi imemweza. Katika miezi hiyohiyo ya mwaka 1911, watu 25 walikaa ndani ya nyumba moja ya mbao huko Cape Evans, katika kisiwa cha Ross, kwenye bara la barafu la Kusini. Jua lilikuwa limewaaga mwezi wa Aprili, wala hawakutazamia kuliona tena mpaka Agosti ikaribie kwisha. Hao walikuwa watu wa msafara wa Kapteni Robert Falcon Scott, Mwingereza, waliokuwa wakingoja mwanga urudi ili waianze safari ya kwenda kwenye Ncha ya Kusini. Juu ya safari yenyewe na mwisho wake yameandikwa mengi. Mimi nataka kusema habari za kungoja kwao, na hasa habari za mmoja wao ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha, naye alijikuta mahali ambapo kwa muda wa miezi minne hapakuwa na jua la kupigia picha.

Lililonisukuma kuandika ni swali la mwanafunzi. Nilikuwa nimemwonyesha picha ya karamu iliyofanywa katika nyumba ile tarehe 22 Juni 1911, siku ambayo kwao ni katikati ya majira ya baridi. Meza ni ndefu, bendera zimetundikwa juu, na wanaume wameketi pande mbili wakiielekea kamera kwa nyuso za furaha. Aliitazama kitambo, kisha akauliza: "Je, hawa walikuwa na furaha kweli, au waliambiwa wafurahi?" Swali hilo si dogo. Sisi twajua ambalo wao hawakulijua: miezi tisa baadaye watano kati ya hao watakuwa wamekufa, na Scott mwenyewe ni mmojawapo. Kwa kuwa twaujua mwisho, furaha ile hutuonea haya, nasi hupenda kuiita ya kujisingizia.

Mpiga picha mwenyewe, Herbert Ponting, alizaliwa Salisbury, Uingereza, mwaka 1870. Alijaribu kazi ya benki akaiacha, akaenda California kulima matunda, na hilo nalo halikumfaa. Kamera ndiyo iliyomweka. Alipiga picha za vita vya Urusi na Ujapani vya 1904 na 1905, akasafiri katika nchi nyingi za Asia, na mwaka 1910 akatoa kitabu juu ya Ujapani. Alipojiunga na msafara alikuwa na umri wa miaka 40, mkubwa kuliko wengi wa wenzake. Hapana budi tuseme pia kwamba hakuchukuliwa kwa ajili ya kuwachangamsha watu. Msafara ulihitaji fedha, na picha zingeuzwa.

Nyumba ile ilikuwa na urefu wa kiasi cha mita 15 na upana wa mita saba na nusu. Scott, mtu wa jeshi la maji, aliigawa kwa ukuta wa makasha ya vyakula, maofisa na wataalamu upande mmoja, mabaharia upande mwingine. Katika nafasi hiyo finyu Ponting alipewa chumba cha giza cha kusafishia picha, ambacho mtu mrefu angeweza kukipima kwa hatua mbili tatu. Humo alifanya kazi, na humo alilala. Maji ya kuoshea vioo vya picha yalipatikana kwa kuyeyusha barafu. Kazi ya nje ilikuwa ngumu zaidi. Pumzi ikiigusa lenzi iligeuka utando wa barafu, na kamera iliyotoka nje ikaingizwa penye joto ilishikwa na unyevu mara moja, hata akaona afadhali kuziacha nje. Safari moja ncha ya ulimi wake iligusa chuma cha kamera, ikaganda papo hapo, na katika kujinasua ngozi yake ikabaki kwenye chuma. Walakini hakuacha. Penye mwezi alipiga picha kwa mwanga wa mwezi, akiiacha kamera wazi muda mrefu. Pasipo mwezi aliwasha unga ulipukao kwa mwanga mkali, na kwa dakika moja ya nukta mlima wa barafu ukatokea gizani kama umeitwa kwa jina.

Mwanzoni mwa majira hayo Scott aliweka utaratibu wa mihadhara, jioni tatu kila juma. Wataalamu walisema juu ya hali ya hewa, na barafu, na vijidudu. Oates alisema juu ya farasi. Yote hayo yalikuwa na faida, nami sitaki kuyadharau, maana mimi pia ni mtu wa mihadhara. Lakini Ponting alikuja na taa ya kuonyeshea picha, na vioo alivyovibeba kutoka Asia. Aliwaonyesha Bama, Uchina, Uhindi. Jioni moja mwishoni mwa Mei aliwaonyesha Ujapani, na Scott ameieleza jioni hiyo katika shajara yake kwa maneno mengi kuliko ilivyokuwa desturi yake: sherehe za maua ya mcheri, maua ya krisanthemu, njia za kutembelea pembeni mwa mabwawa ya yungiyungi, mahekalu, milima ya moto, visiwa vidogo vyenye miti. Twasoma habari hizo, kisha twakumbuka kwamba aliyeziandika alikuwa ameketi mahali ambapo hapakuwa na hata mti mmoja ulioota.

Mtu atasema kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuikimbia baridi kwa muda wa saa mbili. Sikatai. Kuona bustani ukiwa gizani ni faraja ya aina yake, na mgonjwa kitandani aijua. Ila faraja ya namna hiyo yaisha taa inapozimwa, na mara nyingine humwacha mtu mnyonge kuliko alivyokuwa. Kama Ponting angaliwapa hiyo tu, nisingaliandika makala hii.

Lililo kubwa zaidi lilitokea usiku wa ile karamu ya Juni. Walikula na kunywa sana. Luteni Henry Bowers aliingiza mti wa sikukuu alioutengeneza kwa vijiti na manyoya ya ndege, umetundikwa zawadi ndogondogo. Ponting naye aliiwasha taa yake, na safari hii hakuwaonyesha Asia. Aliwaonyesha picha alizozipiga papo hapo walipokuwa: meli yao iliyoonekana kwa mbali kupitia mdomo wa pango la barafu, mlima Erebus na moshi wake, pengwini, mbwa, na wao wenyewe. Scott aliandika kwamba hata usiku huo hakuwa ameutambua kikamilifu ubora wa kazi ya Ponting, na kwamba watazamaji walishangilia kwa sauti kuu.

Walishangilia nini? Hawakuwa wakitazama kitu kigeni. Pango lile walilijua, na baridi yake waliijua kwa vidole vyao. Lakini mpaka usiku huo mahali pale palikuwa kwao mahali pa kuvumilia tu, na sasa walipaona kama mahali pa kutazamwa. Nje ya mlango kulikuwa na giza lilelile. Ila sasa walijua kwamba ndani ya giza hilo mna vitu vyenye umbo na uzuri, na kwamba mwenzao hutoka kila siku kuvitafuta, naye hurudi navyo.

Nairudia shaka ya mwanafunzi, maana ina haki yake. Ponting alipenda kuwapanga watu. Aliwasimamisha kwenye upepo, akawaambia wasogee, warudi, wapande, wainamishe kichwa, hata wenzake wakalichukua jina lake wakalifanya kitenzi, maana yake kukaa kwa ajili ya picha mpaka mtu agande. (Lau lingeingia katika Kiswahili, tungelinyambua bila taabu: kuponti, kupontiwa, kupontishwa.) Kwa hivyo ni kweli kwamba nyuso nyingi katika picha hizo zilipangwa. Lakini mzaha huo ni wa watu walioshiriki jambo fulani pamoja. Mtu hamtungii kitenzi mwenzake aliyemchosha moyo.

Tena kamera ile haikupiga vicheko tu. Usiku wa tarehe 4 Julai daktari Atkinson alipotea katika dhoruba ya theluji karibu na nyumba, akarudi na mkono ulioungua kwa baridi, vidole vimevimba malengelenge makubwa. Ponting aliupiga picha mkono huo. Wiki moja kabla ya hapo, tarehe 27 Juni, Edward Wilson, Bowers na Apsley Cherry-Garrard walikuwa wameondoka gizani kwenda Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini wakubwa. Walisafiri katika baridi iliyofikia sentigredi 60 chini ya sifuri. Hema lao lilichukuliwa na upepo, na walilipata tena kwa bahati. Walirudi tarehe 1 Agosti wakiwa na mayai matatu. Walipoketishwa mezani wapewe chakula, Ponting alileta kamera na kuwasha unga wake.

Ningependa kila mwanafunzi wa historia aione picha hiyo. Watu watatu wameshika vikombe na mikate. Nyuso zao zimefanya weusi kwa moshi wa mafuta, na macho ni ya watu ambao miili yao imefika na wao wenyewe wangali njiani. Ponting aliandika baadaye kwamba sura hizo zilimsumbua siku nyingi, na kwamba alikuwa ameona mfano wake mara moja tu, kwa wafungwa wa Kirusi baada ya vita vya Mukden. Hakuwaambia watabasamu. Mpiga picha aliyeiacha picha hiyo kama ilivyo ana haki ya kuaminiwa anapotuonyesha karamu.

Jua liliporudi, mwezi wa Septemba na Oktoba, chumba kile cha giza kilikuwa na wanafunzi. Scott alijifunza kupiga picha kwa Ponting, na Bowers kadhalika, na Frank Debenham, mtaalamu wa miamba kutoka Australia, na Tryggve Gran, Mnorwe. Kulikuwa na sababu ya wazi: Ponting hakuwa wa kwenda Nchani, na ilitakiwa mtu wa kupiga picha huko. Walakini mwenye kusoma shajara ya Scott ya siku hizo haoni mtu anayetimiza wajibu tu. Amwona mtu wa miaka 43, mwenye kuulemea msafara mzima kichwani, akikosea na kujaribu tena kwa hamu ya mwanafunzi. Kwangu mimi huu ndio ushahidi wenye nguvu kupita nyuso zote za karamu, kwa kuwa uso waweza kupangwa, lakini hamu ya kujifunza kazi yenye taabu haipangwi na mtu.

Waliondoka mwanzoni mwa Novemba. Scott, Wilson, Bowers, Oates na Edgar Evans walifika Nchani tarehe 17 Januari 1912, wakakuta kwamba Roald Amundsen, Mnorwe, amewatangulia kwa zaidi ya mwezi. Kesho yake walijipiga picha. Watatu wamesimama, wawili wameketi mbele, na Bowers, mmoja wa walioketi, anavuta uzi uliofungwa kwenye kamera. Uzi wenyewe waonekana. Hakuna anayetabasamu. Watu walioshindwa na kuchoka, katika baridi ile, walikuwa na sababu zote za kuiacha kamera katika sanduku lake. Lakini waliitoa, wakaisimamisha, wakajipanga, wakavuta uzi. Kujipanga huko walikuwa wamekufundishwa.

Evans alikufa katika njia ya kurudi mwezi wa Februari, Oates mwezi wa Machi. Watatu waliobaki walikufa hemani karibu na mwisho wa Machi, kiasi cha kilomita 20 tu kutoka kwenye ghala ya chakula. Ponting mwenyewe alikuwa amekwisha kupanda meli mwezi huohuo kurudi kwao, hana habari. Tarehe 12 Novemba 1912 watu wa Atkinson waliliona hema limefunikwa na theluji, na ndani yake, pamoja na maiti na shajara, filamu. Zilipelekwa Cape Evans, na Debenham akazisafisha katika chumba kilekile cha giza. Yeye alikuwa mwanafunzi pamoja na Bowers. Miezi minane baada ya mpigaji kufa, picha ya mwenzake ilitokea polepole mbele yake majini, na uzi mkononi.

Chumba hicho kilitumika tena. Mwaka 1915 watu kumi wa msafara wa Ernest Shackleton waliachwa katika kisiwa kile cha Ross baada ya meli yao, Aurora, kung'olewa na dhoruba mwezi wa Mei ikachukuliwa baharini. Hawakuwa na nguo wala vyakula vya kutosha, na watatu wao hawakurudi kwao. Mwaka 2013 wahifadhi kutoka New Zealand walitangaza kwamba wamekuta katika chumba cha giza cha Ponting kijisanduku chenye filamu zilizogandamana kwa unyevu. Zilipobanduliwa moja moja zilikuwa 22, na aliyezipiga hajulikani. Nyingi zimelika pembeni. Katika mojawapo aonekana Alexander Stevens, mkuu wa wataalamu wa kundi hilo, amesimama juu ya sitaha ya Aurora, nyuma yake barafu.