Wazazi Waliotangulia Kuuona Usonji

Mwaka 1938, barua ya kurasa 33 ilimfikia Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mwandishi wake, Beamon Triplett, alikuwa mwanasheria wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alieleza habari za mwanawe Donald, mwenye umri wa miaka mitano: alipenda kukaa peke yake, alizungusha sufuria na chochote cha mviringo, na alikariri maswali na majibu 25 ya katekisimu.

Mwaka 1943 Kanner alichapisha taarifa ya watoto 11 wenye hali ambayo sasa inaitwa usonji (autism), Donald akiwa wa kwanza. Humo mna jambo ambalo karibu kila mama alilikumbuka kwa mshangao: akiinama kumbeba mwanawe, mtoto hakujiandaa kubebwa kama watoto wengine wanavyofanya. Dalili hiyo ya miezi ya mwanzo haikugunduliwa na mtaalamu yeyote. Mama zao ndio walioiona.

Malipo yao yalikuwa machungu. Kanner mwenyewe aliandika kwamba wazazi wengi wa watoto hao hawakuwa wachangamfu, na mwanasaikolojia Bruno Bettelheim wa Chicago akalikuza wazo hilo hadi likawa hukumu: mtoto amejifungia kwa kukosa upendo wa mama. Ulikuwa ukatili, hata kama ulivikwa joho la sayansi. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kilichoonyesha kuwa chanzo kimo katika ubongo, si katika malezi.

Ushahidi mwingine ulitoka sebuleni. Mwaka 1994 watafiti Julie Osterling na Geraldine Dawson, huko Seattle, walichunguza video ambazo familia zilirekodi katika sherehe za watoto kutimiza mwaka mmoja. Watoto 11 kati yao baadaye walitambuliwa kuwa na usonji; wengine 11 hawakuwa nao. Tofauti ilionekana tayari pale penye keki: kundi la kwanza lilitazama nyuso za watu kwa nadra, halikunyoosha kidole sana kuonyesha kitu, wala halikuonyesha wengine vitu mara nyingi, na lilipoitwa jina mara nyingi halikugeuka.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha dodoso la maswali 23 la kutambua dalili za usonji kwa watoto wadogo, na yote yalikuwa ya kujibiwa na mzazi.